Aliyebeba Maji

Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa akigawa nguo za kujitanda kwa wanawake wa Madina. Zikagawika, ikabaki moja, na hiyo moja ilikuwa nzuri. Waliokuwa naye wakamshauri ampe mkewe, Ummu Kulthum binti Ali, mjukuu wa Mtume. Umar akakataa. Akasema mwenye haki nayo zaidi ni Ummu Salit, mwanamke wa Kiansari, kwa kuwa siku ya Uhud ndiye aliyekuwa akiwabebea viriba vya maji.

Vita vya Uhud vilipiganwa mwaka 625. Umar alishika ukhalifa mwaka 634. Ilikuwa imepita miaka isiyopungua tisa, na bado palikuwa na mtu aliyekumbuka nani siku ile alikuwa na kiriba mgongoni. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, alikipokea kisa hiki akakiweka katika mlango wake maalumu, mlango wa wanawake kuwabebea watu viriba vitani. Mlango unaoufuata ni wa wanawake kuwatibu majeruhi. Sidhani mpangilio huo ulikusudiwa kumfundisha mtu utabibu, lakini yeyote aliyefanya kazi katika hema la wagonjwa karibu na mapigano angeupanga vivyo hivyo: maji kwanza, dawa baadaye.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiyaweka mezani pamoja maandishi ambayo kwa kawaida hayakai rafu moja. Zipo riwaya za Madina. Kipo kitabu cha Henry Dunant juu ya vita vya Solferino, makala ya kitabibu ya Dilip Mahalanabis kutoka mpakani mwa Bengal, ushuhuda wa madaktari wa MSF, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, na kwa upande wetu tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*. Yote yanahusu miili ya watu wakati wa vita na wanaojaribu kuikinga au kuitibu. Yanapishana kwa lugha, kwa imani na kwa karne. Mimi nimeyasoma nikiwa na swali dogo nililoachiwa na kisa cha Umar: humu ndani, nani kabeba maji, na je, ametajwa?

Swali hili wengine wataliona la pembeni. Tukitajiwa daktari wa vitani, wengi wetu tunaona kisu, taa kali na damu. Hayo yapo. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, hospitali ya Ndosho, ambayo timu ya upasuaji ya Msalaba Mwekundu wa Geneva ilikuwa ikifanya kazi humo, ilifurika majeruhi wa risasi na vipande vya mabomu. Lakini vita huua zaidi kwa mlango wa nyuma. Watu wanakimbia, wanarundikana pasipo choo wala bomba, na baada ya siku chache wanaanza kuhara. Kwa hiyo siku ya kawaida ya mhudumu wa afya katika nchi yenye vita mara nyingi ni siku ya ndoo.

Tuingie kituo cha kipindupindu mjini Goma, au kolera kama wanavyosema Wakongo. Langoni yuko mtu mwenye pampu mgongoni, anakupulizia klorini kwenye soli za viatu, unapoingia na unapotoka, hata ukiwa waziri. Mikono unanawa kwa klorini ya asilimia 0.05. Ile ya asilimia 2, ya matapishi na maiti, inachoma macho. Ndani kuna vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati. Chini ya tundu kuna ndoo, na kando ya kichwa ndoo nyingine. Ndoo zimechorwa mistari, kwa sababu kilichotoka lazima kipimwe ndipo kijulikane cha kurudisha. Mgonjwa aliyekaukiwa kabisa hufika macho yamezama na sauti imekwisha. Ukimfinya ngozi ya tumbo, mkunjo unabaki umesimama. Muuguzi anatafuta mshipa, nao umejificha. Anapapasa kiwiko, anahamia kifundo cha mkono, anarudi kiwikoni. Akiupata, mtu mzima huingiziwa mililita 30 za maji ya Ringer kwa kila kilo ya uzito katika nusu saa ya kwanza, na mililita 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mtu wa kilo 60, basi, anapokea lita sita kwa saa tatu. Sisi tunaita dripu, Goma wanaita serumu. Kabla ya chupa kwisha huanza kufumbua macho. Kesho yake anaomba uji, na aliyeletwa akibebwa kama maiti anarudi kwao kwa miguu. Sijui ugonjwa mwingine unaompa muuguzi furaha ya haraka namna hiyo, wala unaomtesa namna hiyo chupa zikiisha.

Kituo cha aina hiyo hukadiriwa kuhitaji lita 60 za maji kwa kila mgonjwa kwa siku. Wakiwa wagonjwa 100 ni lita 6,000, yaani madumu 300 ya lita 20. Lori lisipofika, kwa kuwa barabara imefungwa au mtambo wa kusukuma maji umekatiwa umeme, bidoni za njano, kama madumu yanavyoitwa huko, hupakiwa kwenye chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili lisilo na mnyororo wala pedali, na vijana wanazisukuma kutoka ziwani, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukipiga ardhi. Njia zenyewe ni za mawe ya volkano. Daktari akiugua, mwenzake atashika zamu. Mwenye chukudu asipotokea, kufikia adhuhuri hakuna wa kuosha ndoo wala cha kuoshea.

Dunant alifika Solferino kwa ajili ya maji, jambo ambalo wanaomtukuza hawalisemi sana. Alikuwa mfanyabiashara wa Geneva mwenye kampuni ya vinu vya nafaka huko Algeria, koloni la Ufaransa. Haki za ardhi na maji ya kuendeshea shughuli yake hazikuwa zimekaa sawa, na maafisa wa kikoloni walikuwa wakimzungusha. Akakata shauri kumfuata mtawala wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu, huko huko Lombardia alikokuwa akiongoza vita dhidi ya Waaustria. Akafika mji wa Castiglione, karibu na Solferino, siku ya mapigano yenyewe, 24 Juni 1859. (Kabla ya kutakiwa na kampuni ya Geneva, maji hayo ya Algeria yalikuwa ya nani? Swali hilo kitabuni halimo.)

Kitabu chake kilichapwa mwaka 1862, nakala 1,600, kwa fedha zake mwenyewe. Husifiwa kwa mapendekezo ya mwishoni, yaliyozaa kamati ya watu watano mwaka 1863, ndiyo Msalaba Mwekundu wa Geneva, na Mkataba wa Geneva mwaka uliofuata. Mimi huzirudia kurasa za katikati, ambamo kuna kiu tu. Askari walioachwa uwanjani wanakunywa madimbwi yaliyochanganyika na damu. Makanisani Castiglione chakula kipo, maji yapo, na bado watu wanakufa kwa njaa na kiu, kwa sababu hakuna mikono ya kuwafikishia. Dunant, akiwa na suti yake nyeupe ya safari, anawapanga wanawake wa mji. Watoto wa kiume anawatuma wakachote kwa ndoo. Mwendesha gari lake la farasi anatumwa Brescia, na vitu alivyotumwa vinamfaa mtu wa nyumbani kuliko mwanadiplomasia: ndimu, machungwa, sukari, mashati, sifongo, vitambaa, tumbaku. Tumbaku ilikuwa ya kupigana na harufu.

Hapo ndipo Dunant anapofanana na mtu wa zamu, mwenye kuhesabu mashati. Baadaye kitabu kinageuka sheria, na katika sheria wale watoto hawana mahali. Nguvu kubwa ya utamaduni uliozaliwa pale ni kwamba maji hayaulizi sare: apewe Mfaransa, apewe na Mwaustria. Wa kwanza kulisema hilo walikuwa wanawake wa Castiglione, waliokuwa wakirudia kwamba wote ni ndugu; Dunant mwenyewe anawapa sifa hiyo. Ili kuilinda haki ya kuvuka mstari wa vita, Geneva ikajifunga mdomo. Mjumbe wake huingia gerezani na kambini, akaona, akamweleza mkubwa wa gereza ana kwa ana, kisha gazetini asiandike kitu, ili wiki ijayo afunguliwe mlango tena.

Riwaya za Madina zina tabia nyingine kabisa. Elimu ya hadithi haisimami bila jina. Kila kauli inaulizwa: nani kakwambia, na huyo aliambiwa na nani? Ndiyo maana hata mchota maji amebaki na jina lake. Anas anasimulia kwamba siku ya Uhud alimwona Bibi Aisha na Ummu Sulaym wakienda mbio, viriba mgongoni, wakiwamiminia watu vinywani, kisha wakirudi kujaza, wakaja tena kumimina. Ile kurudi kujaza ndiyo kazi yenyewe, na mwandishi wa riwaya za kishujaa angeiruka. Ummu Atiyya anasema alitoka na Mtume katika vita saba. Alikuwa akibaki nyuma kwenye mizigo, akipika, akitibu majeruhi, akiuguza wagonjwa. Anazihesabu safari zake kama muuguzi wa leo anavyohesabu misheni: miezi sita hapa, tisa kule. Na Rufaida, ambaye hema lake lilisimamishwa msikitini, ndiye aliyekabidhiwa Sa'd bin Mu'adh baada ya kupigwa mshale katika vita vya Khandaki mwaka 627. Msikiti mzima umegeuka wodi, na hakuna anayeshangaa.

Tusijidanganye hata hivyo. Viriba vya Uhud vilikuwa vya upande mmoja. Si kwamba kumnywesha adui hakukujulikana. Baada ya vita vya Hattin, 4 Julai 1187, Salahuddin alimpa mateka wake, Mfalme Guy, maji ya baridi, na kwa desturi ya wakati ule mateka aliyenyweshwa hauawi. Guy alipompitishia mateka mwenzake, Reynald, kikombe, Salahuddin akaharakisha kueleza kwamba huyo si yeye aliyemnywesha. Kikombe kilikuwa mkataba, kikatolewa kwa hesabu. Nikizilinganisha mila hizi mbili naona kila moja imeshika kile ambacho nyenzake imekiachia: Geneva ilimfikishia adui maji ikapoteza jina la mchotaji, Madina ikamtunza mchotaji hadi siku ya kugawa nguo.

Sasa mwaka 1971, ambao una haki ya kusimuliwa peke yake. Vita vya Bangladesh vilisukuma watu wapatao milioni kumi kuvuka mpaka kuingia India. Katika mji mdogo wa Bongaon kipindupindu kikapiga. Dilip Mahalanabis, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya utafiti Calcutta katika kituo cha Johns Hopkins, alifika pale akakuta vyumba viwili vimejaa wagonjwa sakafuni. Ili kumtundikia mtu dripu ilibidi upige magoti ndani ya matapishi na kinyesi. Chupa za dripu zilikuwa zinakwisha. Ilijulikana maabara kwamba utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu bado unaweza kunyonya chumvi ikiambatana na sukari, lakini mafundisho ya siku zile yalitaka kunywesha kufanyike chini ya macho ya wataalamu. Yeye wataalamu hakuwa nao. Akaagiza mchanganyiko upimwe na kufungwa Calcutta: glukosi gramu 22, chumvi ya mezani gramu 3.5, bikaboneti gramu 2.5, kwa lita moja ya maji. Bongaon ukakorogwa kwenye madramu yenye bomba, na jamaa wa wagonjwa wakaambiwa wachote wenyewe, wanyweshe wenyewe.

Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu watu 30 katika kila 100. Kwa waliohudumiwa kwa utaratibu ule mpya vifo vilishuka hadi asilimia 3.6. Makala yake ilikataliwa kwanza, ikachapwa mwaka 1973. Miaka mitano baadaye jarida la *The Lancet* liliandika kwamba huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote wa kitabibu katika karne.

Nimeisoma makala hiyo kama fasihi, na ninajua watabibu watanicheka. Mtindo wake ni wa sayansi: hakuna mimi, hakuna kilio, mambo yametendwa bila mtendaji. Wanaonywesha wanaitwa jamaa wa wagonjwa, basi. Kwa majina, hakuna kitu. Ni pakavu kuliko hata kwa Dunant. Lakini angalia kilichofanyika ndani ya ukavu ule. Kwa miaka yote maji yalikuwa na mbebaji wake na dawa ikawa na mganga wake, watu wawili wa daraja mbili. Bongaon dawa ikawa ndiyo maji, na mama aliyeshika kikombe akawa ndiye tabibu. Wala hakuandikiwa kitabu.

Mwaka ule ule, tarehe 22 Desemba, madaktari na waandishi wa habari walikutana Paris wakaunda MSF. Baadhi yao walikuwa wametoka Biafra, kwenye vita vya Nigeria vya 1967 hadi 1970, wakiwa chini ya Msalaba Mwekundu wa Ufaransa, na ukimya wa Geneva ulikuwa umewakaa kooni. Wao walitaka kutibu na kusema. Kinachofurahisha katika maandishi ya mkondo huu ni kwamba tabibu ana hasira, anakosea, analia hadharani. James Orbinski, Mkanada aliyeongoza timu ya MSF mjini Kigali wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, ndiye aliyepokea Tuzo ya Nobel kwa niaba ya shirika mwaka 1999, na hapo hapo jukwaani akaitumia nafasi hiyo kuisema Urusi juu ya mabomu ya Chechnya. Mjumbe wa Geneva asingethubutu. Tuzo ya kwanza kabisa ya Amani, mwaka 1901, Dunant aliigawana na Frédéric Passy. Mahalanabis alifariki mwaka 2022 bila kuitwa Oslo wala Stockholm. Kwa mizani yangu dramu la Bongaon lilizidi vyote viwili, hotuba na mkataba, lakini dramu halina la kusema mbele ya maikrofoni.

Mila hizi zote zilikutanishwa Goma, Julai 1994. Kwa siku chache tu mamia kwa maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka na kukaa juu ya mwamba wa volkano. Mwamba ule hauchimbiki, si choo, si kaburi. Maji yalikuwa ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kikaanza kabla mwezi haujaisha, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokadiriwa kuwa 50,000, wengi wao kwa kuharisha. Kanuni ya Mahalanabis ilikuwa na umri wa miaka 23, ikiwa imekwisha kufungwa katika pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kukoroga katika maji. Pakiti bila lita moja ya maji safi ni unga tu. Mafundi waliofunga mitambo ya kusafisha maji ya ziwa na madereva wa malori ya tangi waliokoa watu wengi kuliko sindano, na ukitafuta kitabu cha kumbukumbu cha dereva wa tangi la Goma utatafuta sana.

Halafu likaja lile ambalo Dunant hakulazimika kulijibu. Makambi yale yalikuwa mikononi mwa watu wale wale walioendesha mauaji ya kimbari. Walisimamia mgao, wakahesabu vichwa wapendavyo, wakajipanga upya. Kila dumu liliwanywesha pia. Tawi la Ufaransa la MSF likaamua kuondoka mwezi Novemba, likatangaza sababu. Mashirika mengine yakabaki, na matawi mengine ya MSF yakabaki kwa muda. Nikisoma hoja za walioondoka zinanishika. Nikifika kwenye wodi ya watoto hoja hizo zinanilegea mkononi. Nimezisoma mara nyingi, na safari hii nililoliona ni kwamba pande zote mbili zinajadili kuondoka au kubaki kama watu wenye tiketi.

Wahudumu walio wengi katika mashirika haya ni wenyeji: wauguzi, wapishi, walinzi, wafuaji, madereva, wachanganya klorini. Hali ikichafuka hutoka orodha ya watakaopandishwa ndege au kuvushwa mpaka, na kwa kawaida ni ya wageni. Mwenyeji anaaga langoni, anapanda pikipiki, anarudi mtaani kwake ambako risasi zinalia, na kesho asubuhi anatafuta njia ya kufika zamu. Usiku analala na jamaa waliokimbia kutoka vijijini, kumi chumba kimoja, na kuna anayemwuliza kama ameleta dawa. Ushuhuda wa Paris una nafasi kwa mgonjwa na nafasi pana kwa daktari mgeni. Huyu wa katikati mara nyingi yumo kama sauti inayotafsiri.

Na sisi je? Maji katika kumbukumbu yetu ya vita yana kazi ya kinyume. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ili wasipate jeraha. Dawa ilitangulia vita. Watawala wa Kijerumani wakamnyonga Agosti mwaka huo huo, na vita vikaendelea bila yeye, na njaa iliyofuata ikaua kuliko bunduki. Katika tamthilia ya Hussein, iliyotoka mwaka 1969, Kinjeketile akiwa kifungoni anatakiwa akane, aseme maji yale ni uongo, na hataki. Anaona neno lililokwisha kutoka lina maisha yake kwa watu watakaozaliwa. Ukiweka onyesho hilo karibu na Geneva na Paris, mambo yanachekesha kwa namna ya uchungu. Yule anasimamia maji kwa kunyamaza, huyu kwa kupiga kelele, na wetu kwa kukataa kuyakana.

Ngarambe haijaisha. Mashariki ya Kongo kuna makundi ya Mai-Mai, na jina lenyewe ni mayi, maji. Mpiganaji hunyunyiziwa dawa na kupewa masharti, asiibe, asiguse mwanamke. Risasi ikimpata watasema alivunja sharti. Akibahatika kufikishwa hospitali anaacha silaha nje, analazwa pengine vitanda viwili kutoka kwa aliyempiga, na anatundikiwa serumu. Anayemtundikia, kwa Kiswahili cha Kongo, anaitwa munganga. Sisi Watanzania tusiwacheke: daktari mkuu wa nchi yetu cheo chake ni Mganga Mkuu wa Serikali. Lugha haijaona haja ya kuwatenganisha mwenye maji ya kabla na mwenye maji ya baada.

Ila kwa upande wa majina tumeshindwa vibaya. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi kwa mamia ya maelfu walibebeshwa mizigo ya majeshi Afrika Mashariki, chakula, risasi na machela zenye majeruhi, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa kuhara na homa. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza tulilitafuna likawa Kariakoo. Dar es Salaam ni soko, unakwenda kununua vitenge na betri za redio. Nairobi wakalitamka Kariokor. Aliyebeba machela amekuwa mtaa.

Nilifikiri nitaishia hapo, kwenye soko, lakini yupo munganga mmoja anayenirudisha kwa Umar. Denis Mukwege alikuwa daktari mkuu wa hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, iliposhambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 alianzisha Panzi, pembeni mwa Bukavu, hospitali iliyokuja kujulikana kwa kuwatibu wanawake walioharibiwa na ubakaji wa vita. Yeye amechanganya mila zote: anashona kama mtu wa Geneva, anasema kama mtu wa Paris, na hana orodha ya kuondolewa. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake. Alinusurika, akaichukua familia akaenda Ulaya.

Wanawake wa Kivu wakaandika barua wakitaka arudi, wengine kutoka kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa lile lile lililoileta kolera ya 1994. Hawakujibiwa. Wakaamua kuchanga tiketi ya ndege wenyewe, watu ambao kwa siku hawapati dola moja. Wakauza mananasi na vitunguu. Januari 2013 Mukwege alirudi Bukavu. Walikuwa wamekwisha kusema kwamba ulinzi wake nao watausimamia wao, kwa zamu, mchana na usiku, bila silaha.